Kuala Lumpur kwa miguu: muji uliozaliwa na bati

Kwa luga ya Kimalay, Kuala Lumpur maana yake ni makutano ya mito yenye matope. Leo ni kapitali ya Malaysia, nchi ya Asia ya kusini-mashariki, na manyumba yake marefu ni yale tunayoyaonaga katika filme. Lakini kabla ya manyumba kulikuwa mungodi. Hakukuwa bandari pale, hakukuwa jumba la sultani. Kulikuwa bati, ile kasiterite tunayoijua siye Wakatanga kutoka Manono, na watu waliotumwa kuichimba. Nilikwenda kule mwaka jana, kupitia Addis Abeba, kwa mukutano wa masendika ya wafanyakazi wa mungodi. Katika juma nzima nilipata siku moja tu ya mapumziko, siku ya Mungu. Nikasema siku hiyo sitalala otele. Nitatembea kwa miguu toka asubuhi mpaka usiku, nione bati ilijenga nini, na ilimujengea nani.

Sikuwa peke yangu. Delege mumoja wa Zambia, mutu wa Kitwe mwenye miaka zaidi ya hamsini, aliniambia twende wote. Mimi najua Kibemba cha kutosha, yeye anajua Kiingereza vizuri, basi yeye ndiye alikuwa kinywa changu kwa wenyeji. Namuita yaya sababu ya umri wake, yeye ananiita mudogo.

Otele yetu ilikuwa upande wa Chow Kit, kartie ya soko kubwa. Jina hili ni la mutu: Loke Chow Kit, tajiri wa zamani aliyepata feza katika bati na biashara. Ukianza kuangalia majina ya njia na ya kartie pale mujini, wenye mashimo utawakuta kila kona. Majina ya wale walioingia ndani ya shimo, hayo tuliyatafuta siku nzima.

Jua linatoka pale karibu saa moja ya asubuhi. Tulikula kando ya njia, kwa mama mumoja anayeuzisha nasi lemak: wali uliopikwa na tui la nazi, umefungwa katika jani la mugomba, pamoja na yai, karanga, pilipili ya kupikwa, na juu yake samaki wadogo-wadogo waliokaushwa na kukaangwa. Nilipowaona nilicheka peke yangu. Kapenta! Wao wanaita ikan bilis, ni samaki wa bahari, lakini kwa ukubwa na kwa utamu ni kapenta ya kwetu ya Kalemie. Yaya alikula mbili.

Toka pale tulishuka na njia ndefu inayoitwa Jalan Tuanku Abdul Rahman. "Jalan" ni njia. Nilianza kusoma vibao vya maduka na kumuuliza yaya awaulize watu, na nikakuta kitu cha kunishangaza. Karatasi kwao ni "kertas". Sabuni ni "sabun". Wakati ni "waktu", dunia ni "dunia" vilevile, na watu wakisalimiana wanasema "apa khabar", yaani habari gani. Hata bendera ni "bendera", na meza ni "meja". Waarabu walipita kwao kama walivyopita pwani ya Afrika ya mashariki, Wareno nao wakafuata, wakaacha maneno yale yale pande mbili za bahari. Nilikuwa musafiri asiyejua neno hata moja la nchi, lakini kila mita mia moja niliona neno la mama yangu limeandikwa ukutani.

Watu 87

Pale mito miwili inapokutana, Gombak na Klang, kuna musikiti wa matofali mekundu na meupe katikati ya minazi, Masjid Jamek. Ulifunguliwa mwaka 1909. Mito yenyewe leo imefungwa ndani ya kuta za betoni, na maji yake ni rangi ya chai yenye maziwa. Watu wanakuja kupiga picha. Mimi nilikuja kwa sababu ingine.

Mwaka 1857, mukubwa mumoja wa ukoo wa kisultani, Raja Abdullah wa Klang, alipata mukopo kwa wafanyabiashara Wachina wa Melaka, akatuma Wachina 87 wapande muto kutafuta bati. Walisukuma mitumbwi mpaka hapa kwenye makutano, sababu mbele hapakupitika tena. Wakashuka, wakaingia pori kwa miguu, mpaka mahali panapoitwa Ampang. Bati waliipata. Lakini malaria iliwapata nao. Inasimuliwa kwamba mwezi mumoja haujaisha, 69 walikuwa wamekufa. Walibaki 18. Raja akatuma wengine, na kazi ikaendelea.

Watu 87 ni bisi moja na nusu ya wafanyakazi, zile tunazoziona asubuhi njiani kwenda posti ya kwanza. Yaya alizunguka pale, alisoma kila kibao alichokiona, akarudi.

"Mudogo, majina ya bale batu iko wapi?"

"Siyaone, yaya."

Ukivuka daraja unafika uwanja wa Merdeka, uwanja wa uhuru. Ni majani mafupi ya kijani kama ya kucheza mupira, na kweli Waingereza walikuwa wakicheza kriketi pale, mbele ya kilabu yao. Upande mwingine kuna jumba refu la matofali la mwaka 1897, wanaliita jumba la Sultan Abdul Samad, lenye munara wa saa wa mita 41. Kuba zake zimefunikwa na shaba. Niliziangalia sana, kila mutu na ugonjwa wake.

Lile jumba lilikuwa ofisi ya serikali ya Waingereza. Feza ya kulijenga ilitoka wapi? Hapa musomaji anipe masikio. Serikali ile ilikuwa inakata ushuru juu ya bati yote inayotoka katika nchi, na kwa miaka mingi ushuru huo ndio ulikuwa kisima kikubwa cha feza ya Selangor, jimbo lililokuwa na Kuala Lumpur ndani yake. Feza ya bati ilileta reli ya kwanza ya kwenda upande wa bahari mwaka 1886. Ilileta njia. Na muji, ambao mwaka 1881 uliungua na moto halafu ukazamishwa na maji ya muto, ulijengwa upya kwa matofali na vigae pahali pa miti na majani. Kartie walikochoma matofali ingali inaitwa Brickfields mpaka leo. Kisima kingine cha feza kilikuwa ushuru wa afyuni na wa nyumba za kamari. Maana yake, muchimbaji alilipwa kwa mukono mumoja, na jioni mushahara wake ukarudi serikalini kwa njia ya bangili ya afyuni na karata. Jumba ni zuri, sikatai. Lakini kila tofali lina mutu wake.

Usiku wa kuingia tarehe 31 mwezi wa 8, 1957, bendera ya Uingereza ilishushwa katika uwanja huu. Miaka mitatu mbele yetu. Miaka 20 kabla ya usiku ule, mwaka 1937, wafanyakazi wa makaa ya mawe ya Batu Arang, upande wa kaskazini wa muji huu, walikuwa wamegoma na kushika mungodi wote mikononi mwao, mpaka polisi wakaingia kwa nguvu. Yale makaa ndiyo yalikuwa yakiendesha treni na mashini za migodi ya bati. Niliposoma habari ile niliwaza mwezi wa 12, 1941, Lubumbashi, wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi walipodai mushahara. Siku zile habari za Batu Arang zisingeweza kufika Katanga, na Wakatanga hawakuhitaji mutu wa kuwafundisha. Tumbo lilitosha.

Toka uwanjani tulifuata njia kubwa kama kilomita moja mpaka stasioni ya zamani ya treni. Ni nyeupe, ina minara na vikuba vingi, musafiri anaweza kufikiri ni jumba la kifalme. Ilijengwa na fundi yule yule wa Masjid Jamek, Mwingereza Hubback, ikamalizika mwaka 1910. Ule mwaka 1910 treni ya kwanza kutoka kusini ilifika Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Miji miwili, bahari nzima katikati, reli mwaka mumoja, na mizigo ya namna moja. Leo treni kubwa zinasimama KL Sentral, na stasioni ya zamani imebaki na utulivu mwingi. Tulikaa pale kidogo kwa sababu ya kivuli. Joto la Kuala Lumpur si la Kolwezi. Hewa ina maji ndani, shati inashikana na mugongo toka saa tatu.

Kapita

Tulirudi upande wa muto mpaka Central Market, soko la zamani. Soko lilianza pale 1888, jengo la sasa ni la 1937, na siku hizi linauzisha zaidi vitu vya watalii. Katika duka moja kuna vikombe na sahani za pewter, ndiyo bati iliyochanganywa na shaba kidogo na antimoni. Kuna tena mamba wadogo wa bati: zamani wenyeji walitumia bati yenye sura ya mamba kama feza. Nilishika mumoja, nikauliza bei, nikamurudisha pole-pole.

Mama wa duka aliona tunashika bati kama watu wanaoijua. Yaya alimueleza kazi yetu. Akatuonyesha sahani kubwa ya muti iliyotundikwa ukutani, ya muviringo, katikati imezama kidogo. Inaitwa "dulang". Akasema nyanya yake aliifanya kazi ile: kusimama ndani ya maji mpaka magoti, kuinama, kuzungusha muchanga ndani ya dulang mpaka uzito ubaki chini. Wanawake wengi wa Kichina wa nchi ile waliishi na kazi hiyo, katika mabaki ya maji yanayotoka kwenye migodi mikubwa, na walipashwa kuwa na ruhusa ya serikali, karatasi yenye jina. Mugongo wa nyanya yake haukunyooka tena. Niliwaona mama zetu wa kule kwetu, wale wanaosafisha mawe ndani ya mito, watoto mugongoni. Nilimuambia yaya amuambie kwamba kazi hii ingali hai kwetu. Mama alinyamaza, halafu akauliza kama na kwetu wanawake wanapewa ile karatasi. Niliacha yaya ajibu jinsi anavyoweza.

Hatua chache toka pale ni Petaling Street, kartie ya Wachina, kelele, bata wa kuchomwa, saa za bandia. Wachina wenyewe kwa muda mrefu waliita njia hii njia ya kiwanda cha unga, sababu kulikuwa kiwanda cha unga wa muhogo. Muhogo, ndiyo! Mwenye kiwanda alikuwa Yap Ah Loy, na bila yeye huwezi kueleza muji huu.

Alizaliwa 1837 katika Uchina ya kusini, akafika 1854 akiwa kijana maskini wa miaka 17, akaanza katika migodi ya bati ya Lukut. Mwaka 1868 akawa Kapitan Cina, mukubwa wa Wachina wote wa Kuala Lumpur. Neno hili, kapitan, wasomaji wangu wanalijua. Wareno walilileta kwao, walilileta na kwetu, siye tukalifanya kapita. Kapita wa Kuala Lumpur alikuwa polisi, jaji, mwenye mashimo, mwenye soko, mwenye nyumba za kamari. Vita vya Selangor, vilivyoanza 1867, viliuteketeza muji. Aliujenga tena kwa madeni, akakaribia kufilisika, mpaka bei ya bati ilipopanda 1879. Alikufa 1885.

Namna ya kazi wakati wake ilikuwa hivi. Kijana anatoka Uchina bila feza ya meli. Mwenye shimo anamulipia. Akifika, anatumika kwanza kulipa deni. Wakati anatumika anakula muchele wa mwenye shimo, anavuta tumbako na afyuni ya mwenye shimo, kwa bei ya mwenye shimo, yote inaandikwa ndani ya buku. Mwisho wa mwaka wanafungua buku. Wachimbaji wetu wa mikono wa Kolwezi hawahitaji nieleze zaidi. Wanajua depo inayokukopesha unga na tochi, sharti umuuzishe yeye peke yake, kwa mizani yake.

Yap Ah Loy aliacha hekalu, Sin Sze Si Ya, la mwaka 1864, limejificha nyuma ya maduka, unaingia na mulango mudogo. Ndani ni moshi wa ubani mpaka macho yanalia. Mungu mukubwa wa pale si wa mbinguni toka mwanzo. Alikuwa mutu, kapita wa wachimbaji wa Sungai Ujong, aliyeuawa katika vita vya 1860, na Yap Ah Loy alikuwa mutu wake. Picha ya Yap Ah Loy naye iko pale, watu wanamuwashia ubani. Sikuzarau. Kila watu na wazee wao. Lakini nilitazama altare moja moja: wakubwa wanawashiwa, wale 69 wa Ampang hapana.

Ukitoka nje na kuinua kichwa, juu ya vigae vya zamani unaona Merdeka 118, munara wa gorofa 118 na mita 678,9. Katika dunia nzima ni mumoja tu unaoupita, ule wa Dubai.

Nani anajenga minara hii? Siku ya Mungu hutafuti jibu, linakuja lenyewe. Karibu na hekalu, upande wa Kotaraya na Jalan Silang, njia zilikuwa zimejaa watu wa Bangladesh, wa Nepal, wa Filipino, wa Birmania. Ndiyo siku yao ya kupumzika. Wanatuma feza nyumbani, wanakula chakula cha kwao, wanakata nywele, wanapiga simu kwa watoto. Tulikula pale, wali na dengu, meza moja na kijana wa Bangladesh anayefanya kazi ya betoni. Jina la sosiete hakulitaja, na sisi hatukumuuliza. Alimueleza yaya kwamba ajenti wa kijijini kwake alimukopesha feza nyingi kwa safari, na miaka miwili ya kwanza yote iliishia katika deni lile. Paspoti yake inashikwa na bosi. Sheria ya Malaysia inakataza bosi kushika paspoti ya mutu. Kijana alijua sheria ile. Alisema: "Sheria iko ofisini, paspoti iko kwa sandugu ya bosi." Toka mwezi wa 2, 2025, mushahara wa chini kule ni ringiti 1.700 kwa mwezi, karibu dola 400. Nilimuuliza kama anaupata. Akasema anaupata, lakini na saa nne za nyongeza kila siku juu yake, na kitanda kinakatwa.

Yaya aliandika katika kalepe yake. Ile kesho, mukutanoni, alisimama na kusema habari hizi, bila jina la kijana.

Njia ya Ampang

Saa nane tulipita Medan Pasar, kiwanja kidogo ambapo Kapitan alikuwa na soko na nyumba za kamari, tukaingia Lebuh Ampang. Hapa walikaa Wachettiar, Wahindi wa kusini wenye kazi ya kukopesha feza. Halafu ndiyo Jalan Ampang, mojawapo ya njia za zamani kabisa za muji. Kabla ya lami ilikuwa njia ya bati: toka makutano ya mito mpaka mashimo. Niliitaka njia hii toka asubuhi. Leo ni magari, treni ya hewani juu ya nguzo, na mutembea kwa miguu ni kama mwizi, anavuka akikimbia. Huu ni muji usiopenda miguu, niwaambie ukweli. Pale manyumba ya zamani yaliko, afazali: mbele ya maduka kuna barza iliyofunikwa, upana wa futi tano, inayoungana toka duka mpaka duka. Waingereza waliifanya sheria. Ukifuata barza zile hulowi wala huungui.

Na tuliihitaji. Karibu saa kumi mvula ilishuka bila kupiga hodi. Dakika kumi, maji yalikuwa mito midogo barabarani. Muji huu umekaa ndani ya bakuli, na mvula ya namna hii huufurikisha toka zamani. Basi wakachimba. Mwaka 2007 walifungua tuneli inayoitwa SMART, urefu kilomita 9,7, upana wa shimo mita 13,2, iliyokatwa na mashini kubwa ndani ya mawe ya chokaa yenye mapango. Siku za kawaida magari yanapita katika sehemu moja ya tuneli. Mvula ikizidi wanafunga, wanatoa magari, wanaacha maji yapite pale pale magari yalipokuwa. Watu wa chini ya ardi kama siye tunajua ni kazi gani kupitisha shimo la upana ule chini ya muji, katika mawe yanayokunywa maji. Kwa kazi ile nilivua kofia.

Chini ya barza, tukingoja mvula ipite, maneno yalitoka. Malaysia iliongoza dunia kwa bati karibu miaka mia moja. Mukebe wa nyanya au wa sardini ambao babu yetu alifungua, ndani ulipakwa bati, na mara nyingi bati ilikuwa ya kwao. Halafu, tarehe 24 mwezi wa 10, 1985, soko la madini la London lilisimamisha biashara ya bati, kwa sababu shirika la nchi zilizokuwa zikishika bei liliishiwa feza. Bei ilianguka karibu nusu. Migodi ilifungwa mumoja baada ya mwingine, wafanyakazi wakarudi nyumbani na bahasha. Mashimo yakajaa maji. Leo ziwa la Titiwangsa, ndani ya muji, watu wanakwenda kupanda mitumbwi na watoto: lilikuwa shimo la bati. Sunway, mahali pa michezo ya maji: shimo la bati. Kusini kuna mahali panaitwa The Mines, ziwa na otele na maduka: shimo la bati, mojawapo ya yale makubwa kabisa.

Mimi nikamueleza yaya Manono. Bati ile ile, karne ile ile. Wakati wa Wabelgiji walijenga muji muzuri, wakajenga sentrali ya umeme ya Piana Mwanga kwa ajili ya mungodi. Mungodi ulipokufa, muji ulikufa nao, na leo watu wanaongea litiamu kama vile bati haikuwahi kuwako. Sitasema Malaysia ni paradiso. Nilikula na kijana wa Bangladesh. Lakini bati ilipoanguka kule, reli ilikuwako, shule zilikuwako, viwanda vingine vilikuwako, na mafuta ya petroli yalikuwa katika sosiete ya taifa toka 1974. Kwetu, Kode ya madini ya 2018 inasema redevance inagawanywa: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine au sheferi pale shimo liko, 10 kwa vizazi vijavyo. Tena sosiete inapashwa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Yaya aliniuliza: "Na kwako, ile 15, balijenga nayo nini?" Nilimutajia darasa moja na kisima kimoja. Wasomaji wa kila komine wanaweza kumujibu kwa upande wao, na wakiuliza bulgumestre atoe buku, wasiogope: ni haki yao.

Mvula iliisha kama ilivyoanza. Mbele kidogo tulipita jumba jeupe la 1935, lililojengwa na Eu Tong Sen, tajiri wa bati na mashamba ya mupira. Leo wanapokea watalii pale. Bunge la kwanza lilikutania pale 1959. Halafu makaburi ya Waislamu ya Jalan Ampang, mawe madogo meupe chini ya miti, ambapo amelala P. Ramlee, muimbaji na muchezaji filme aliyependwa sana kule, aliyekufa 1973. Na juu ya makaburi, zikiwaka taa, Petronas, minara miwili ya mita 452, ya mwaka 1998. Mpaka 2004 dunia nzima haikuwa na nyumba ndefu kuliko hizo. Ni za ile sosiete ya mafuta niliyoitaja. Daraja linaziunganisha katika gorofa ya 41 na ya 42.

Hatukupanda, bei ilikuwa kali kwa mifuko ya madelege. Tulikaa bustanini, viatu pembeni, pamoja na mamia ya watu, wengi wao wale wale wa Kotaraya, wamevaa mashati safi, wanapigana picha na minara nyuma yao ili watume nyumbani. Simu ya yaya ilihesabu kilomita 17.

Njia ya Ampang haiishii pale. Inaendelea upande wa mashariki, kilomita chache tena, mpaka mahali wale 87 walipochimba shimo la kwanza. Nilitaka kufika, lakini giza lilikuwa limeingia na goti la yaya lilikuwa limekataa. Tulimuuliza muzee mumoja muuzisha chai kama kule kungali na alama ya shimo. Akafikiri. Akasema hapana, kuna nyumba za watu, shule, na stasioni ya treni.